Nani Atakuulizia Usipofika?

Hotuba ifuatayo ilitolewa na mkufunzi wa uashi kwa wanafunzi wapya wa vyuo vya ufundi vya kaunti, katika kambi yao ya siku mbili ya ukaribisho huko Kiminini, mbele ya wazazi na walezi wao. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote.



Nimepewa dakika ishirini, na baada yangu kuna chakula cha mchana, kwa hivyo sitazunguka mbuyu.

Jana alasiri mlipokuwa mkipokea chai, nilisimama kando nikawatazama. Waliotoka Waitaluk walikaa pamoja. Waliotoka Sikhendu na Nabiswa walikaa chini ya mti ule. Waliokuja na matatu za upande wa Kamukuywa na Kimilili walikuwa na meza yao. Wasichana wanne waliojiandikisha kusomea uashi na umeme walikaa karibu na mlango, mikoba mapajani, kama abiria wanaosubiri gari lijae. Na kulikuwa na kijana mmoja, sitamtaja, aliyekunywa chai yake amesimama huku simu ikiwa sikioni, ilhali simu yenyewe ilikuwa imezimika. Namjua kijana huyo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa yeye, ila mimi sikuwa na simu ya kujifichia.

Hakuna kosa katika hayo. Mtu akifika ugenini hutafuta kwanza uso anaoujua. Lakini nataka tuzungumze juu ya siku ya pili, na ya tatu, na ya sitini.

Asubuhi ya leo mzazi mmoja aliniuliza swali zuri. Alisema, "Mwalimu, karakana zipo, zana zipo, walimu wapo. Kwa nini watoto wetu wapoteze siku mbili wakivuta kamba na kurushiana mpira?" Ni swali la haki, kwa sababu pesa zinazotumika hapa ni za umma. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Kwa hivyo mkazi wa kaunti akiuliza, anapaswa kujibiwa.

Jibu langu ni hili. Katika miaka yote niliyofundisha, wanafunzi walioacha masomo kwa sababu kazi iliwashinda ni wachache. Uashi hufundishika. Ushonaji hufundishika. Umeme, useremala, uchomeleaji vyuma, upishi, yote hufundishika, mradi mtu aje. Wengi nilioona wakiacha, waliacha kwa sababu siku moja hawakufika, siku ya pili hawakufika, na hakuna aliyewaulizia.

Wacha niwaambie jinsi inavyokwenda, ili ikija muitambue. Mmeingia Januari. Januari yote mtakuja. Februari mtakuja. Mwishoni mwa Machi mvua itaanza, na hapa Trans Nzoia mvua ikianza kila mtu anajua maana yake. Ni mahindi. Mzazi atasema, "Baki siku mbili tupande." Ana haki, maana karo yenyewe inatoka kwenye shamba hilo. Siku mbili zitakuwa wiki moja. Wiki moja itakuwa mbili, kwa sababu jirani naye anatafuta vibarua na analipa jioni hiyo hiyo. Siku unayotaka kurudi, utakumbuka kwamba wenzako wamekwisha kuvuka mbele. Wewe uliwaacha wakijifunza kuchanganya simiti na mchanga, sasa wanasimamisha kona. Utaona aibu. Utasema, nitaingia Jumatatu. Jumatatu ikifika utasema, nitaingia muhula ujao.

Aibu hiyo haionekani kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu ana wanafunzi wengi. Ataweka alama ya kutokuwapo, atapiga simu nyumbani, na simu ya nyumbani labda haina chaji. Lakini mwenzako anayekaa kando yako ataona pengo siku ya kwanza, kabla daftari halijafungwa. Ndiyo sababu ya kamba na mpira.

Mimi nilisomea katika chuo kidogo cha kijijini mwishoni mwa miaka ya tisini. Vyuo vya namna hiyo vilianza nchini katika miaka ya 1960, makanisa yakiwa mstari wa mbele, ili vijana waliomaliza shule ya msingi bila nafasi ya kuendelea wapate kazi ya mikono. Nilikuwa mtu wa maneno machache. Niliingia darasani, nikafanya kazi, nikaenda zangu. Nilijivuna kwamba sina marafiki, sina matatizo.

Aprili ya mwaka wa kwanza nilienda nyumbani kupanda mahindi. Nilikaa wiki tatu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya haja. Mbili zilizofuata zilikuwa za aibu. Nilikuwa nimeanza kumwambia mama kwamba chuo kile hakina faida, kwamba heri nifanye kibarua. Mama alikuwa karibu kukubali.

Jumamosi moja aliingia uani kwetu kijana mmoja wa darasa letu, akisukuma baiskeli ya kuazima iliyopasuka gurudumu. Sikuwa rafiki yake. Tulikuwa tumepangwa pamoja tu kwenye ukuta mmoja wa mazoezi, yeye kona ile, mimi kona hii. Lugha ya mama yake sikuielewa, na siielewi hadi leo. Alikuwa ameuliza njia kutoka duka hadi duka mpaka akafika. Mama alimpa chai. Alipomaliza kunywa, hakuniuliza kwa nini nimepotea. Aliniambia hivi: "Tumefika kwenye kona. Kamba ina ncha mbili. Nimeshika yangu, yako imelala chini."

Mnaojua uashi mnaelewa. Huwezi kupanga mstari wa matofali ulionyooka bila kamba, na kamba hufungwa kona mbili. Mtu mmoja anaweza kuifunga kwa misumari, lakini tulikuwa tunajifunza, na kujifunza kulitaka watu wawili, mmoja avute, mwingine aangalie pima maji. Yeye alikuwa amekaa wiki tatu bila mtu wa ncha ya pili.

Jumatatu nilirudi. Mimi ni mkufunzi leo kwa sababu ya baiskeli iliyopasuka gurudumu. Sisemi hivyo kuwafurahisha. Ukiondoa Jumamosi ile, sijui ningekuwa wapi, lakini mbele yenu nisingesimama.

Sasa, jambo hili halikuanza na vyuo. Wazee wetu walilijua. Neno lake mnalo tayari: rika. Miongoni mwa Wabukusu, vijana hutahiriwa Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, na waliopita pamoja huitana bakoki maisha yao yote. Mukoki wako anaweza kukutania mbele ya watoto wako na usikasirike. Marika yana majina yanayozunguka kizazi hadi kizazi: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa.

Kisha nenda kwa Wasabaot wa Mlima Elgon, uulize marika yao. Utasikia Korongoro. Utasikia Maina, Chumo, Sowe. Sikilizeni vizuri: Kolongolo na Korongoro, Chuma na Chumo, Sawa na Sowe. Lugha hizi mbili hazielewani. Moja ni ya Kibantu, nyingine ni ya Kiniloti. Lakini majina ya marika yanafanana. Hilo huja watu wakiishi karibu kwa muda mrefu, wakatazamana na kuazimana, kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka wa kaunti.

Nini kiliwafanya watu kuwa bakoki? Si kupendana. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Ni kupita jambo gumu msimu mmoja, mkionana. Mtu aliyekuona ukitetemeka na hakukucheka, huyo ana sehemu yako moyoni mwake. Na nyinyi mnaingia msimu mgumu pamoja. Kuna mtu hapa atashona suruali ya kwanza na mguu mmoja utakuwa mrefu kuliko mwingine. Kuna mtu ukuta wake wa kwanza utaangushwa na mwalimu kwa mguu. Nitauangusha mimi mwenyewe. Mwenzako atakuwapo akiona. Atacheka, au atakusaidia kuokota matofali?

Lakini rika la kale lilikuwa na mipaka yake, na lazima tuiseme. Lilikuwa la wavulana, na lilikuwa la jamii moja. Dada zetu wanne waliokaa karibu na mlango hawamo katika rika hilo. Pia kuna jamii katika kaunti hii ambazo hazina mila ya tohara, na kijana wa jamii hiyo asifanyiwe mzaha hapa kwa sababu hiyo, hata mara moja, hata kwa utani. Rika mnalojenga leo kipimo chake ni kimoja tu: tuliingia mwaka mmoja. Aliyeingia Januari hii ni wa rika lako, awe mvulana au msichana, awe na miaka kumi na saba au awe mama wa watoto wawili aliyeamua kurudi kusoma. Tunao akina mama hao hapa, na nawapongeza.

Kwa nini nasisitiza jambo la jamii? Kwa sababu ya mahali tulipo. Trans Nzoia ni kaunti ya watu waliokutana. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mashamba makubwa ya walowezi yalileta vibarua kutoka pande nyingi, katika ardhi iliyokuwa na wenyeji tayari. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1963, watu walinunua ardhi kupitia skimu za makazi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba. Ndiyo maana leo ukisimama kituoni Kiminini, kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, utasikia lugha nne au tano kabla matatu haijajaa. Kukutana huko kumetupa soko, shule na chakula. Pia kumetupa majeraha.

Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mkibebwa mgongoni. Watu wa kaunti hii walifukuzana. Familia zililala kwenye mahema Endebess na hapa Kitale. Wakati huo mimi nilikuwa fundi, nikijenga nyumba ya mtu mbali na nyumbani, sehemu ambayo watu wa lugha yangu walikuwa wachache. Sanduku langu la zana lilikuwa pale mjengoni: mwiko, timazi, pima maji, nyundo, kila kitu nilichonunua kwa miaka minane.

Asubuhi moja simu iliita. Alikuwa yule yule wa baiskeli. Alikuwa akifanya kazi karibu na pale. Aliniambia, "Leo usipite njia ya sokoni. Pita nyuma, nenda nyumbani kabisa. Sanduku niachie." Hakueleza zaidi, nami sikumuuliza. Nilipita nyuma.

Mwezi wa nne, mambo yalipotulia, nililifuata sanduku. Lilikuwa chini ya kitanda chake. Alikuwa amepaka mafuta mwiko usishike kutu. Hakuna neno kubwa tulilosema siku ile. Tulikunywa chai.

Wanafunzi wangu, mara nyingi tunahubiriwa amani kwenye mikutano, na ni vizuri. Tuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008, inayokataza ubaguzi wa kikabila na matamshi ya chuki, na inafaa kuheshimiwa. Lakini asubuhi ile sheria hiyo ilikuwa bado haijapitishwa, na mkutano haukuwapo. Kilichokuwapo ni namba ya simu ya mtu tuliyeshikana naye kamba. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa dhiki hutafutwa kabla ya dhiki.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni ya mfukoni. Mtanisikia vizuri sasa.

Mkimaliza masomo, mtapata vyeti. Tunza cheti chako. Lakini niulizeni jinsi kazi za mjengo zinavyopatikana Kitale, Bungoma, Kimilili au Eldoret. Fundi anapata nyumba ya vyumba vitatu. Anahitaji fundi mwenzake mmoja na watu wa mkono wawili. Hatangazi gazetini. Anachukua simu, anafikiri: nani alikuwa anafika mapema? Nani hakuiba misumari? Nani tulifanya naye kazi bila makelele? Anapiga. Mnaonana leo kama wanafunzi, lakini kwa kweli huyu aliyeketi kushoto kwako ndiye atakayekuitia kazi miaka mitano ijayo, au atakayeambiwa jina lako akatikisa kichwa. Ushonaji ni vivyo hivyo. Oda ya sare za shule ikija, mashine moja haitoshi. Utawaita akina nani?

Kwa hivyo naomba mfanye mambo machache. Yote hayana gharama.

La kwanza, jua majina. Si jina la utani, si "wewe wa Endebess". Jina lake kamili, na ulitamke anavyolitamka mwenyewe. Ukikosea, uliza tena. Hakuna anayekasirika kwa kuulizwa jina lake mara mbili. Watu hukasirika wakiitwa kwa jina la kabila lao.

La pili, mkiwa karakanani tumieni lugha ambayo kila aliye kwenye meza anaielewa. Lugha ya mama ni hazina, sizungumzi vibaya juu yake. Lakini wawili wakicheka kwa lugha ambayo wa tatu haielewi, wa tatu atadhani anachekwa yeye. Mara nyingi hachekwi. Aibu haijui hilo.

La tatu, msifungie urafiki ndani ya simu. Najua jana jioni mlikuwa mmeshafungua kundi la WhatsApp. Hongera. Sasa hesabuni: ni wangapi kati yenu wana kabambe? Nimewaona. Ratiba ikibadilishwa kwenye kundi usiku, mwenye kabambe atafika asubuhi akute mlango umefungwa. Kila mwenye simu ya kisasa achukue mwenzake mmoja asiye nayo, na iwe kazi yake kumpigia.

La nne ni uonevu. Kwenye shule za sekondari mlisikia watoto wapya wakiitwa "mono" na kufanyishwa kazi za wakubwa. Katika vyuo vyetu hakuna mono. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akikuagiza umfulie nguo, kataa, kisha mwambie mkufunzi siku hiyo hiyo. Na dada zetu wanaosomea kazi ambazo watu wamezoea kuziita za wanaume hawakuja kufagia karakana wala kuwapikia chai. Wamekuja kushika mwiko na tupu ya waya kama nyinyi. Mtu akikugusa au kukutisha, mwambie mwalimu unayemwamini. Ukiogopa kusema chuoni, namba 116 ni ya watoto na vijana wenye shida, na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Zote mbili hupigiwa bure, mchana na usiku. Ziandikeni.

La tano, msilazimishane. Kuna watu wakimya, nami ni mmoja wao. Si lazima mtu acheze kila mchezo wala acheke kila mzaha. Mtu mkimya hahitaji marafiki ishirini. Anahitaji mmoja au wawili wanaojua anakaa wapi. Pia urafiki usiwe wa kukopana. Mwenye mia mbili ya nauli ya wiki asilazimishwe kuwanunulia wenzake maandazi ili aonekane mtu mzuri. Nimeona makundi yakivunjika kwa ajili ya shilingi hamsini.

Na la sita, ambalo ndilo kubwa. Mwenzako asipofika siku moja, uliza. Asipofika siku mbili, mpigie. Asipofika siku tatu, nenda, au mtume anayepita karibu na kwao. Ukifika, usiende kama askari. Usimuulize, "Ulipotea wapi?" Mwambie mlipofika kimasomo, mpe daftari lako anakili, na mwambie kuna kazi inamngoja. Ukimkuta ana shida ambayo huiwezi, ya ugonjwa, ya njaa, ya ujauzito, ya karo, usiibebe peke yako wala usiitangaze. Ilete kwa mkufunzi. Msichana aliyejifungua anaweza kurudi kusoma. Mtu aliyekwama karo anaweza kuelekezwa kwa ofisi zinazohusika. Hatuwezi kumsaidia tusiyejua alipo.

Wazazi wangu, nina ombi moja kwenu. Jioni mtoto akirudi, mnamuuliza, "Umesoma nini leo?" Endeleeni. Lakini ongezeni swali la pili: "Leo umefanya kazi na nani?" Wiki ya kwanza akisema hajui jina la mtu, si neno. Mwezi wa pili akisema hajui jina la mtu, tupigieni simu. Na rafiki huyo akija kwenu kumtafuta, hata kama jina lake si la kwenu, mpeni chai kama mama yangu alivyompa yule kijana. Hamjui anakuja kuokoa nini. Na mvua ya Machi ikianza, tafadhali, tupangeni pamoja. Tuambieni siku mnazomhitaji shambani. Siku tatu zinazojulikana ni bora kuliko wiki tatu za kimya.

Wakufunzi wenzangu, nasi tusijifiche nyuma ya daftari. Mwanafunzi anayerudi baada ya kupotea, tusimsimamishe mbele ya darasa tukamfanya mfano. Alivuka mto mkubwa hadi kufika mlangoni. Tumpe mwiko.

Sasa namaliza. Kila mmoja wenu amepewa kadi na kalamu. Kabla ya chakula, nataka kadi hiyo iwe na majina mawili. La kwanza liwe la mtu wa kozi yako. La pili liwe la mtu ambaye lugha ya nyumbani kwao si ya kwenu. Chini ya kila jina andika mahali anapokaa, na namba ya simu ya nyumbani kwao ikiwa yuko radhi kukupa. Naye aandike yako. Kadi hizo hazikusanywi na mwalimu wala hazitiwi alama. Ni zenu. Ziwekeni ndani ya kitambulisho au ndani ya daftari, mahali hazitaloa.

Mkiandika, msichague anayependeza wala anayezungumza sana. Mtazameni aliyesimama peke yake. Kijana wangu wa simu iliyozimika, nakuomba uiweke mfukoni sasa. Kuna mtu ataketi karibu nawe baada ya dakika mbili, na atataka kujua jina lako.

Mwishoni mwa Aprili nitapita katika vyuo vyenu, mahindi yakiwa yameshapandwa. Sitaomba kuona daftari la mahudhurio. Nitawauliza swali moja tu: yule uliyeandika jina lake, yuko wapi leo?

Natumaini mtanionyesha kwa kidole, kwenye benchi, akifanya kazi.

Sasa simameni, sogeeni, mkaandike. Chakula kitawangoja.